Kuisoma Njia ya Ndovu

Ndovu wa Mlima Kenya wakitaka kuvuka mashamba husubiri usiku. Mkulima wa Kieni huamka alfajiri akakuta nyayo pana katikati ya matuta ya viazi, kabeji zimekanyagwa, waya wa ua umelala chini, na mnyama mwenyewe ameshatokomea msituni. Mkulima ameona alichofanyiwa, lakini hakuona ndovu alikotoka wala alikokuwa akielekea. Kwa miaka mingi hata wataalamu hawakumzidi sana mkulima huyo kwa habari. Kuna watu waliolichukua swali lake la alfajiri wakalifanya kazi ya maisha: wanamvisha ndovu kola shingoni, wanamwacha aende zake, kisha wanamfuata kwa miezi na miaka mpaka njia yake isomeke. Naiheshimu sana fani hii, na nataka kuieleza polepole, kwa kuwa yenyewe haifanywi kwa haraka.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ukitoka Nyeri mjini ukapitia Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, barabara inaambaa upande wa magharibi wa mlima. Kulia kwako ni msitu unaopanda kwenye mianzi na kuendelea hadi kwenye baridi ya juu. Kushoto, ng'ambo ya nyanda za Kieni, ni safu ya Aberdare. Zamani ndovu walikuwa wakivuka kati ya milima hiyo miwili. Hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932, iliwekwa kando ya maji katika ile sehemu ya Aberdare inayochomoza kuelekea Mlima Kenya, palipokuwa na njia yao. Leo katikati pamejaa mashamba, miji na barabara, na ua wa umeme unaoizunguka Aberdare kwa takriban kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009. Ukifika Nanyuki ukageukia Timau na Meru, mambo ni mengine. Huko mlima unashuka kwenye mashamba makubwa ya ngano na maua, kisha kuna msitu wa Ngare Ndare wenye mitarakwa na mizeituni mwitu, halafu hifadhi za Lewa na Borana, na mbele yake nchi kavu ya Samburu. Sisi tumeigawa nchi hiyo kwa majina na hati za kumiliki. Kwa ndovu ni nchi moja, yenye chakula cha juu na chakula cha chini.

Kabla ya mitambo, fani hii ilikuwa ya macho na miguu. Mfuatiliaji hodari hujua kwamba unyayo wa mbele wa ndovu ni wa mviringo na wa nyuma umerefuka kidogo. Kwamba nyufa za wayo hazifanani kati ya ndovu na ndovu. Kwamba kinyesi chenye joto ndani ni cha muda mfupi uliopita, na kijiti kilichovunjika huanza kubadilika rangi kadiri saa zinavyopita. Miaka ya 1960, kule Ziwa Manyara nchini Tanzania, mtafiti Iain Douglas-Hamilton alianza kuwatambua ndovu mmoja mmoja kwa masikio yao, maana kila sikio lina mipasuko na mishipa yake. Ulikuwa ujuzi mkubwa, na hadi leo ndio msingi wa kila kinachofuata. Ila jicho hukoma pale msitu unapoanza, na miguu ya mtu haiwezi kumfuata usiku kucha mnyama anayekata makumi ya kilomita.

Mwaka 1969, huko huko Manyara, Douglas-Hamilton alianza kuwavisha ndovu kola za redio. Mtafiti alibeba antena na kipokezi, akapanda kilimani au ndegeni, akasikiliza mlio na kugeuza antena hadi mlio uwe mkali kuliko kwingine. Akipata mwelekeo kutoka sehemu mbili, mistari ikikutana, hapo ndipo alipo ndovu. Kwenye milima na mabonde mawimbi ya redio hugonga kingo yakarudi, na msikilizaji alilazimika kujifunza kuutofautisha mlio wa kweli na mwangwi wake. Miaka ya 1990 zikaja kola zinazojua zilipo zenyewe kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Shirika la Save the Elephants, ambalo Douglas-Hamilton alilianzisha mwaka 1993, likajenga kazi yake kaskazini mwa Kenya juu ya kola hizo. Antena ilipungua umuhimu, subira haikupungua.

Siku ya kumvisha ndovu kola huanza mapema, kabla jua halijakolea, kwa sababu joto ni hatari kwa ndovu aliyelala. Daktari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ndiye mwenye kauli ya mwisho. Dawa anayotumia, etofini, ina nguvu zaidi ya mara elfu kuliko mofini, na tone dogo likimwingia mtu laweza kumuua. Kwa hiyo daktari huvaa glavu, hufanya kazi na mwenzake anayejua la kufanya, na huweka tayari dawa ya kumwokoa mtu kabla ya kuandaa ya kumzindua ndovu. Kisha huanza kuangalia ardhi. Je, kuna korongo karibu? Kuna mto au kinamasi? Mteremko ukoje? Ndovu akishachomwa sindano atatembea dakika kadhaa kabla ya kuanguka, na atakapoangukia huenda pasiwe mahali alipochomewa. Miteremko ya Mlima Kenya imekatwakatwa na mito, na mara nyingi jibu sahihi ni kuahirisha. Daktari anayeweza kuwaambia watu walioamka saa kumi usiku, wenye magari na helikopta inayokula mafuta, kwamba leo haiwezekani, huyo ndiye bingwa wa fani yake.

Mahali pakifaa, sindano hurushwa kwa bunduki maalumu hadi kwenye msuli mnene wa paja. Ndovu hushtuka, hukimbia kidogo, kisha hatua hupungua. Mkonga unaning'inia, mwili unayumba, na mwishowe miguu inalegea. Akianguka ubavu, sawa. Akianguka kifudifudi, watu wote hukimbia na kamba, kwa maana mapafu ya ndovu yameshikana na ukuta wa kifua; kifua kikielemewa na tani zake mwenyewe, hawezi kuvuta pumzi. Ni lazima alazwe ubavu, na alazwe upesi.

Hapo kila mtu ana kazi yake na hakuna anayepiga kelele. Mmoja huweka kijiti kifupi kwenye ncha ya mkonga ili tundu zisizibe. Mwingine hulikunja lile sikio kubwa kufunika jicho, jua na vumbi visiliumize. Mwingine humwaga maji nyuma ya masikio, kwenye mishipa ambayo ndovu huitumia kupoza damu yake. Kuna anayehesabu pumzi kwa sauti, na daktari hata akiwa anafanya jambo lingine, sikio lake liko kwenye hesabu hiyo. Wengine huchukua damu, hupima nyayo na urefu wa bega, huandika.

Kola yenyewe ni mkanda mzito na mgumu kama ule wa mashine za viwandani. Kifaa cha mawasiliano hukaa juu ya shingo kikitazama anga, na chini huwekwa uzito wa kukivuta ili kisizunguke kikageukia ardhini. Mkanda na vyote vilivyomo huzidi kilo 10, mzigo ulio chini ya sehemu moja ya mia ya uzito wa dume wa tani tano. Kuupitisha chini ya shingo iliyolalia udongo ni kazi ya nguvu, lakini nguvu ndiyo sehemu rahisi. Ugumu ni kipimo. Ukibana, utamchubua, ukilegea mno, utavuka kichwa au kunasa kwenye matawi. Dume kijana bado anakua, kwa hiyo lazima aachiwe nafasi ya ukubwa ambao bado hajaufikia. Mfungaji mzoefu hupitisha mikono kati ya mkanda na ngozi, hukaza, hupima tena, kisha hukata ncha iliyobaki. Uamuzi wa nusu dakika hiyo ndovu ataubeba kwa miaka, kwa kuwa betri imekusudiwa kudumu muda huo.

Kwa majike kuna jambo zaidi. Ndovu jike huishi na mama, dada na watoto, kwa hiyo kola moja kwa jike mkubwa hueleza habari za familia nzima. Lakini familia hiyo haimwachi. Akianguka, ndugu zake humzunguka, humsukuma kwa pembe na kumgusa kwa mkonga wakijaribu kumwinua. Madereva ndio huzuia, wakiyaingiza magari katikati kwa ustaarabu na ujasiri, bila kuwajeruhi wala kuwakimbiza mbali. Kisha daktari huchoma dawa ya kuzindua kwenye mshipa wa sikio, na watu wote hurudi garini. Dakika mbili au tatu hivi, sikio linatikisika, kichwa kinainuka, mwili unajisukuma mara moja au mbili, na ndovu anasimama. Timu nzuri haiondoki hapo. Hukaa mbali ikitazama hadi atembee sawasawa na kuungana na wenzake.

Watu wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kola ikituma nukta moja kila saa, ni nukta 24 kwa siku na zaidi ya 8,700 kwa mwaka. Nukta peke yake haisemi kitu. Msomaji huanza kwa kutupa zile za uongo: chini ya miti minene kifaa hakiioni anga vizuri, na nukta huweza kuruka ng'ambo ya bonde ambako ndovu hakufika. Halafu hutazama mpangilio. Nukta zilizosongamana maana yake ndovu alikuwa akila au kupumzika. Zilizotawanyika kwa mstari, alikuwa safarini. Saa pia husema: mstari mrefu uliopigwa kati ya saa nne usiku na saa kumi, ukakatika ghafla kwenye ukingo wa msitu, ni wa mnyama aliyejua anapita mahali asipotakiwa. Mwishoni mtu huenda huko kwa miguu. Hukuta chemchemi, au udongo wa chumvi, au tundu kwenye ua, au shamba la mahindi yaliyokomaa. Ramani humwonyesha msomaji ndovu alikokwenda; sababu ya kwenda huko huipata ardhini.

Kusoma kwa namna hiyo kumetupa mambo ambayo hapo awali tuliyakisia tu. Mwaka 2005 Douglas-Hamilton na wenzake walionyesha, kutokana na nyendo za ndovu wa Kenya, kwamba ndovu ana maeneo kadhaa anayoyakalia, yaliyounganishwa na shoroba nyembamba. Ndani ya maeneo yenye usalama hutembea taratibu. Kwenye shoroba zisizo na ulinzi hukaza mwendo. Ndovu anajua mipaka ya hatari kuliko tulivyodhani. Mwaka uliofuata watafiti Jake Wall, Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath wakaeleza kwa nini ndovu wa kaskazini mwa Kenya hukwepa vilima: ndovu wa tani nne akipanda mita 100 tu, anahitaji kama nusu saa zaidi ya kula ili kuifidia nguvu hiyo. Ukilijua hilo, unaelewa kwamba njia za kupanda na kushuka Mlima Kenya hazikuchaguliwa ovyo. Kila mpando una gharama, na ndovu huifuata ile njia inayomgharimu kidogo. Ukimzibia njia hiyo, huwezi kutegemea kwamba atazunguka kwa urahisi upande mwingine.

Hamu hii ya kujua mnyama huenda wapi ni ya dunia nzima. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba miguuni, na kwa namba hizo safari zao zikaanza kujulikana. Huko Marekani Kaskazini, samaki wa Lake Erie waitwao walleye hupasuliwa tumboni wakatiwa kifaa kidogo kinachotoa mlio, wakashonwa na kurudishwa majini, na vipokezi vilivyotegwa ziwani huwasikia wakipita. Wanasayansi wakaona samaki wakielekea mashariki ya ziwa majira ya joto, kisha wakirudi magharibi kuzaliana. Ziwani na mlimani somo ni lile lile: kiumbe ana mahali anapopahitaji kwa wakati fulani, na njia ya kufikia hapo ni sehemu ya maisha yake.

Matunda makubwa ya somo hilo yako karibu na Timau. Nyendo za madume waliovishwa kola zilionyesha jinsi walivyokuwa wakihangaika kati ya msitu wa mlima na Ngare Ndare, wakivunja nyua na kuvuka barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Shirika la Mount Kenya Trust, hifadhi ya Lewa, wasimamizi wa msitu wa Ngare Ndare, KWS na wengine wakaungana. Mashamba ya Marania na Kisima yakatoa ardhi. Ushoroba wa kilomita 14 ukazungushiwa ua pande zote mbili. Kikwazo kilichobaki kilikuwa barabara, na hapo ikajengwa njia ya chini, ndovu wapite huku malori yakipita juu yao. Hakukuwa na mfano wa namna hiyo kwa ndovu wa Afrika, na hakuna aliyeweza kumlazimisha ndovu aingie kwenye tundu la zege. Tarehe 1 Januari 2011 dume kijana aliyeitwa Tony akaingia akatokea upande wa pili. Wengine wakafuata, na ndovu wanaendelea kupita. Mwaka 2013 UNESCO ikaongeza Lewa na Ngare Ndare kwenye eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya, lililotambuliwa tangu 1997. Kilichonivutia zaidi katika jambo hili ni mpangilio wake: ndovu alionyesha njia kwanza, mhandisi akajenga baadaye.

Upande wa Nanyuki kuna habari ya Kimani, dume wa hifadhi ya Ol Pejeta aliyekuwa akivamia mashamba ya majirani karibu kila usiku. Ndovu wengine watano wenye tabia hiyo walikuwa wameshapigwa risasi, naye alikuwa amebaki peke yake kati ya wavamizi wa kudumu. Save the Elephants ikamvisha kola yenye laini ya simu na kuchora kwenye kompyuta mpaka unaofuata ua wa hifadhi. Kimani akiukaribia, kola hutuma ujumbe mfupi kwa askari, nao huondoka na gari na taa kali kumrudisha. Kufikia mwaka 2008 walikuwa wamemzuia mara 15, na miezi minne ilikuwa imepita bila yeye kukaribia shamba. Maisha ya ndovu mmoja yaliokolewa, na wakulima wakavuna. Ujumbe wa simu ulisaidia, lakini anayestahili sifa ni askari aliyeamka mara zote hizo usiku wa manane, akaenda gizani kukabiliana na mnyama wa tani kadhaa bila kumfyatulia risasi.

Na kuna Mountain Bull. Huyu alikuwa dume mkubwa wa Mlima Kenya, mwenye kola, aliyejulikana kwa kuvunja nyua za umeme. Alikuwa amegundua kwamba pembe hazipitishi umeme, akazitumia kung'oa waya. Mwaka 2012 zilipunguzwa ili kumwachisha mchezo huo, na pia kumfanya asiwavutie sana majangili. Safari zake kati ya mlima na nyanda za chini zilikuwa miongoni mwa zilizowafundisha watu thamani ya ushoroba. Mei 2014 alikutwa ameuawa ndani ya msitu wa mlima, kile kilichobaki cha pembe zake kimechukuliwa. Kola haina uwezo wa kumkinga ndovu na mshale wenye sumu wala risasi. Inachoweza ni kutoa tahadhari mnyama anapokaa pasipo kusogea kwa saa nyingi, na watu wanaokesha mbele ya skrini wanajua kwamba tahadhari hiyo huenda ikawa ni usingizi tu, au ndiyo habari waliyokuwa wakiiogopa. Bado wanarudi zamu siku inayofuata. Uvumilivu huo nao ni sehemu ya fani, na hauandikwi kwenye ramani.

Thamani ya kazi hii unaiona vizuri zaidi pale njia zilipokosekana. Hifadhi ya Mwea, kusini mwa mlima, ina kilomita za mraba 42 na imezungushiwa ua. Ilifaa kubeba ndovu 50 hivi, walifika 156. Oktoba 2024 Serikali ilianza kuwahamisha ndovu 50 kuwapeleka Aberdare, kwa helikopta, winchi, malori na madaktari. Ilifanywa kwa ustadi, na waliofanya wanastahili pongezi. Lakini ndovu aliyefungiwa ndani ya ua hulazimika kubebwa na binadamu, kwa gharama kubwa na hatari kubwa, hadi mahali ambapo mwenye njia angefika kwa miguu yake.

Nyeri, Laikipia na Meru zinakua. Ardhi inagawanywa, vijiji vinapanuka, ua unaendelea kujengwa kuuzunguka mlima, na mkulima wa Kieni ana haki ya kulala bila kuhofia viazi vyake. Sidhani kama kuna anayemtetea mkulima huyo vizuri kuliko msomaji wa nyendo, maana ndiye anayeweza kusema kwa ushahidi ua upite wapi na wapi paachwe wazi. Kinachotakiwa ni ramani zake zifike kwenye meza za kaunti kabla ya mipaka ya viwanja kuwekwa, na vijana wa Naro Moru, Nanyuki na Timau wafundishwe kazi hii yote, kuanzia kutambua unyayo kwenye tope hadi kutafsiri nukta. Ushoroba wa Timau umeonyesha kwamba inawezekana: shamba likalimwa, barabara ikatumika, na ndovu akapita.